Mahame ya Nani?

Walinipa saa ya ukutani. Miaka yote ya kazi nilihitaji kujua saa na sikupewa hata ya mkononi; nimestaafu, sina pa kuwahi, wamenipa saa kubwa kama sinia. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Ruhuwiko, Songea, nayo inahesabu kwa sauti kana kwamba bado kuna ripoti inayosubiriwa. Kwenye hotuba ya kuniaga msemaji alinitakia "safari njema ya kurudi kwao Same". Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, maana ukiagwa huwezi kubishana na anayekuaga.

Baada ya pilau, Farida alinifuata na kishikwambi chake. Farida ndiye afisa mipango mdogo kuliko wote ofisini, binti wa mkulima wa korosho wa Tunduru, na ana haraka ya mtu anayeijua kazi. Akasema, "Mama, kabla hujaondoka tuachie zile dhana kuu za kuhuisha maeneo, ya mjini na ya vijijini. Ukurasa mmoja tu, inshallah. Kwa vidoti."

Nilimwahidi. Nimekaa na kalamu wiki nzima, vidoti vya namna anayotaka havikuja. Yaliyokuja ni haya, nanyi wadogo zangu mtanisamehe urefu.

Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache. Mishahara mnaijua.

Nilishuka stendi ya Songea mwezi wa saba, mchora ramani kijana kutoka Upareni, nikiwa na sweta moja na imani kwamba kusini kuna joto. Ofisi yetu ilikuwa ya mtu binafsi, vyumba viwili juu ya duka la magodoro pale Majengo. Tulichora mitaa, tulipanga vijiji, na baadaye, dunia ilipobadili maneno, tulianza "kuhuisha". Katika maisha yangu ya kazi nimeyaona maneno manne yakipita juu ya kazi ile ile: kuboresha, kurasimisha, kuendeleza upya, kuhuisha. Kila neno lilikuja na semina yake na begi lake la kitambaa. Mabegi ninayo bado, nabebea mboga.

Mezani kwangu palikuwa na rula ndefu yenye umbo la herufi T, kalamu tatu za wino, karatasi nyororo zinazopitisha mwanga, na wembe. Wembe ndio uliokuwa kifutio. Ukikosea kwa wino unakwangua taratibu, kwa pumzi. Ukikwangua kwa hasira unatoboa kazi ya wiki mbili. Bosi alikuwa na tabia ya kuinua karatasi dirishani na kuhesabu makovu yake, kisha anairudisha mezani bila kusema neno. Ningependelea aseme.

Lakini aliyenifundisha kazi hakuwa bosi. Alikuwa mshika mnyororo wetu, Mzee Kastory Haule. Mshika mnyororo, kwa ninyi mliozaliwa na setilaiti, ni yule anayetangulia kwenye nyasi na ncha ya mnyororo wa kupimia, panga mkononi, anafyeka njia ili wenye vyeti wapite bila kuchanika suruali. Kwenye orodha ya wafanyakazi jina lake lilikuwa la mwisho, chini ya mlinzi. Mimi nimefanya kazi na mainjinia, na wasomi wenye shahada mbili mbili, na sijakutana na aliyemzidi.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba. Wewe ndiye Mpare waliyetuletea?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Nasikia ninyi mnapenda kesi. Kazi hii ina kesi nyingi, utafurahi."

Alitembea na daftari la hesabu la shule, lile la miraba, na penseli nyuma ya sikio. Kila eneo alikwenda mara tatu: asubuhi, jua likiwa utosini, na jua linapoanza kushuka. Kabla ya mara ya tatu hakuruhusu mtu kugusa wino. Bosi alilalamika kuhusu mafuta ya gari, Mzee Haule akaanza kwenda kwa baiskeli yake, na malalamiko yakakosa pa kushika. Njiani alimsalimia kila mtu, na salamu yake haikuwa ya kupita: habari za nyumbani, za mtoto aliyekuwa na homa, za shamba. Tungeweza kumaliza mtaa kabla ya chai, tulikuwa tunamaliza jioni. Nilipomlalamikia alisema, "Ukipima bila kusalimia, umepima udongo."

Kazi yangu ya kwanza nje ya mji ilikuwa mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kimoja njia ya Namtumbo. Siku ya pili tukatokea mahali penye kichaka cha mianzi ya ulanzi, imepandwa kwa mstari, na pembeni mafiga matatu yaliyomezwa na nyasi. Nyumba hapakuwa nayo.

"Haya ni mahame," akasema Mzee Haule.

Nililipenda neno hilo papo hapo. Watu wamekaa, wamehama, mahali pamebaki, na neno moja linayabeba yote. Nikaandika daftarini kwa herufi kubwa, MAHAME, nikapigia mstari.

Akachungulia. "Ya nani?"

"Nini ya nani, mzee?"

"Mahame. Ya nani?"

"Si wamehama? Hapana mtu."

"Waliohama wana jina. Andika mahame ya akina Luambano. Walihamishiwa kijiji cha ujamaa, mimi kijana. Lakini ulanzi wa hapa wanagema wao, na makaburi yale pale wanafyeka wao. Usipoandika jina, kesho atakuja mtu na ramani yako, aseme hapa ni bure."

Niliandika jina. Kijiji kilipopangwa, mianzi ile na makaburi yale vilibaki mikononi mwa wenyewe, na barabara ya mashamba ikakunja kidogo kuvipisha. Nilijisikia fundi. Ila, na hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo, nilidhani lile ni suala la adabu ya kijijini. Nilidhani mjini neno linaweza kutembea peke yake, bila jina la mtu nyuma yake.

Miaka ikaenda. Kompyuta ikaingia mezani, wembe ukaingia kabatini. Kifaa cha kwanza cha setilaiti kilipofika ofisini, kila mtu alikigusa kwa heshima. Mzee Haule alikigeuza mkononi mara mbili, akauliza, "Kinasalimia?" Akakirudisha kwenye boksi lake. Hata hivyo ndani ya mwezi mmoja alikuwa anakitumia kuliko sisi sote, na makosa ya kifaa hicho alikuwa akiyagundua kwa macho, kwa kutazama tu mlima na kivuli.

Nilipotoka kwenye semina ya neno jipya, nilimfafanulia mafundisho tukiwa kwenye chai. Kuhuisha, nikamwambia, ni kwamba kuna eneo limekufa, sasa tunalirudishia uhai.

"Kufufua ni kazi ya Mungu, mwanangu," akasema. "Sisi kazi yetu ni kuangalia nani bado anafagia."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Ndipo likaja ghala la Bombambili, hapa hapa mjini. Lilikuwa ghala kuukuu la mazao, la chama kilichokufa zamani, paa limetoboka, milango imeng'olewa. Tulipewa kazi ya kuandaa mpango wa kulihuisha eneo lile: ghala livunjwe pamoja na kila kilichoungana nalo, lijengwe soko la kisasa lenye vizimba vya vigae. Mzee Haule alikuwa nyumbani wiki hiyo, mguu umevimba. Nikasema kazi yenyewe ndogo, nitaimaliza mwenyewe. Nikapanda bodaboda, nikafika saa tatu asubuhi, na saa nne nilikuwa nimerudi Majengo nakunywa soda.

Nilichokiona ni hiki. Nyasi, mbuzi mmoja, kuta zenye nyufa. Mbele ya ghala kulikuwa na jukwaa refu la saruji, lile la kupakilia malori, kimo chake kinanifika kiunoni. Jukwaa lilikuwa safi. Lilikuwa limefagiwa, na mistari ya ufagio ilionekana kwenye vumbi la ukingoni. Palinuka samaki kidogo, nikawasingizia paka. Kwenye fomu, safu ya "Hali ya eneo", nikaandika neno langu zuri la Kusini ambalo sikuwahi kupata nafasi ya kulitumia mjini: Mahame. Nikaweka nukta.

Bosi akalitafsiri kwa lugha ya ripoti: "Eneo limetelekezwa; halina watumiaji." Sikupinga, lilisikika vizuri. Na eneo lisilo na watumiaji halina wa kuitwa kikaoni, kwa hiyo hakuitwa mtu. Ripoti ikapigwa muhuri, ikapelekwa kwa wenye mradi, na kikao cha kuipitisha kikapangwa wiki mbili mbele.

Mzee Haule akarudi akichechemea. Akaomba nakala. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na kidole kikasimama.

"Ya nani?"

Nikajua mara moja anachouliza. "Hayana mtu, mzee. Ni ghala bovu tu."

"Yasiyo na mtu hayaitwi mahame. Yanaitwa pori." Akakunja karatasi. "Ulikwenda mara ngapi?"

"Mara moja."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Hakunigombeza. Alitazama saa ya ofisi, ikawa imebaki kidogo kufika saa tisa alasiri, akasema, "Twende."

Nilisikia sauti zao kabla ya kuwaona. Lori kutoka Mbamba Bay lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi kwenye jukwaa, na bodi lake na lile jukwaa vilikuwa kimo kimoja, sawasawa kabisa. Magunia ya dagaa wa Nyasa yalikuwa yanasukumwa tu, yanateleza kutoka kwenye lori kuingia kwenye saruji, bila mtu kunyanyua hata moja. Wanawake wapatao thelathini walikuwa wameyafungua, wanachambua, wanapima kwa visado, wanauza. Kule mbele, penye jua, waliyamwaga yale yaliyoloweshwa na mvua za milima ya Umatengo. Saruji iliyokaa juani kutwa nzima ilikuwa ya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na dagaa walikuwa wanakauka huku mnunuzi anawaangalia.

Lililokuwa limejengwa kwa ajili ya malori ya tumbaku lilikuwa linafanya kazi ya ziwa. Hakuna mtaalamu aliyekuwa amewaonyesha. Walikuwa wamepima kwa migongo yao.

Katikati, karibu na nguzo, alikaa mwanamke mnene kwenye kigoda, kanga mbili, macho ya mtu asiyehitaji daftari. Mzee Haule akanipeleka kwake. Aliitwa Mama Osmunda, Mnyasa wa Liuli, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa wenzake bila kuchaguliwa na mtu.

"Mzee Haule, mguu?"

"Unatembea, mama."

"Na huyu ndiye dada wa ramani?"

"Ndiye."

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Leo umetuona." Aliendelea kuchambua. "Siku ile asubuhi nilikuwa nafagia hapa nyuma ya nguzo. Nikangoja unisalimie. Ukaandika, ukaondoka. Nikasema, maskini, labda ameacha mgonjwa nyumbani."

Sijawahi kugombezwa vikali kama nilivyogombezwa kwa huruma ile. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone; mimi nilikuja, na mwenyeji nusura nimzike.

"Tunasikia hapa panavunjwa. Ni kweli?" akauliza.

"Kuna mpango, mama. Soko la kisasa. Kutakuwa na vizimba vya vigae."

"Vigae vinakausha dagaa?"

"Hapana."

"Lori litafika kwenye vizimba?"

"Litasimama barabarani."

"Basi tunarudi kubeba." Akanyoosha kidole kwa mwenzake mmoja aliyekaa amepinda kama mundu, anachambua. "Unamwona Xaveria? Zamani tulikuwa tunashusha barabarani, gunia kichwani. Mgongo ukamteguka, hajasimama wima mpaka leo. Tukaliona jukwaa hili, tukafyeka nyasi, tukafagia. Hatukumwomba mtu kitu. Wengi hapa ni wajane, dada. Na kule ziwani kuna wanawake wanaanika kila siku kwa sababu wanajua sisi tupo hapa. Ukivunja hapa umevunja na kule."

Hayo, Farida, ndiyo yale unayoyaita mahusiano ya mji na vijiji. Nilikuwa nimeyasoma kwenye kitabu chenye michoro ya mishale. Mama Osmunda aliniambia kwa pumzi moja huku anatoa kaa kwenye dagaa.

Nilikwenda kwa bosi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye ofisi ndogo. "Ripoti imeshapigwa muhuri," akasema. "Tukienda kusema tulikosea, nani atatupa kazi tena? Ukitaka kusimama, simama kwa jina lako." Nilikuwa na mwanangu shuleni na mama yangu mgonjwa Same, na niliogopa, siwezi kudanganya. Nilipotoka nikamkuta Mzee Haule kwenye ngazi.

"Kosa moja haliachi mke," akaniambia. "La pili ni kunyamaza. Hilo linaacha."

Nikafungua kabati, nikatoa karatasi zile nyororo, kalamu za wino na wembe. Kwa wiki nzima tulikwenda pale jukwaani mara tatu kwa siku, yeye kwa baiskeli na mguu wake mbovu, mimi kwa miguu nikiona haya kupanda bodaboda. Nilichora jukwaa mara tatu kwenye karatasi tatu, kipimo kimoja. Ya kwanza ilikuwa ya asubuhi. Ya pili ya mchana. Ya tatu ya alasiri. Kila mtu tuliyemkuta nilimwekea kidoti mahali anapokaa, na kando ya kidoti jina lake. Sikuweka wino mpaka mwenyewe alitamke mbele yangu. Mara mbili nilikosea herufi za jina, nikakwangua kwa wembe, kwa pumzi, na Mzee Haule akashika karatasi isitikisike.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mtumishi aliyehamia kutoka mkoa mwingine, mgeni kama mimi, mwenye miwani na subira ndogo. Tulipofika kwenye ajenda ya ghala alisoma kwa sauti: limetelekezwa, halina watumiaji. Nikasimama.

"Mheshimiwa, ni mimi niliyeandika. Nilikwenda mara moja tu, saa tatu asubuhi, na sikumsalimia mtu. Nimekosea. Naomba kurekebisha."

Bosi alitazama dari. Nikazitandaza karatasi zangu dirishani, kwenye kioo, moja juu ya nyingine, na mwanga ukazipita. Jukwaa likajaa vidoti na majina. Mwenyekiti akainuka kitini, akaja hadi dirishani. Alianza kusoma majina kimyakimya, midomo inatikisika. Kisha akazitenganisha, akabaki na ile ya asubuhi. Ilikuwa na kidoti kimoja.

"Huyu peke yake ni nani?"

"Mama Osmunda. Anafagia."

"Ametumwa na nani?"

"Hajatumwa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akavua miwani, akaifuta. "Mtu anafagia kila siku," akasema, "na sisi tunaandika hapana mtu." Akatuagiza tuurudie mpango, na safari hii wenye majina wakae mezani.

Wakakaa. Sijafanya kazi na kamati ngumu kama ile, na sijaifurahia nyingine zaidi. Mchora majengo alitaka kulifunika jukwaa lote kwa paa. Mama Osmunda akamuuliza, "Paa lote la nini? Dagaa wanaogopa jua?" Paa likaishia nusu. Kuta za ghala zilizokuwa zinatishia watu zikashushwa, matofali mazuri yakajenga vizimba vichache vya mbogamboga kwa nyuma, na jukwaa likabaki lilivyo, kimo kile kile. Xaveria alipewa mahali pa karibu zaidi na lori, kwa kura ya wenzake wote.

Msidhani kila kitu kilikuwa sawa. Choo kilijengwa upande upepo unakotokea, jambo ambalo mtu yeyote mwenye pua angelizuia. Ngazi mpya zilikula nafasi za wanawake wanne, wakahamia pembeni ambako mvua hupiga. Mmoja wao hakuniitikia salamu kwa muda mrefu sana, na alikuwa na haki. Wakati wa kurudi siku ile ya kikao, Mzee Haule aliendesha baiskeli polepole kando yangu, akasema, "Haya Mpare, umepata kesi yako." Kisha, baada ya hatua kadhaa: "Umeisema vizuri." Kwa mzee yule, hiyo ilikuwa nishani.

Alifariki akiwa ameshastaafu. Kwenye mazishi nilishindwa kuhesabu watu. Walikuja wa mitaa yote aliyowahi kuisalimia, na wa kile kijiji cha njia ya Namtumbo walikuja na ulanzi. Mwanawe alinipa daftari la miraba. Kila ukurasa ni jina la mahali, na kando yake jina la mtu. Hakuna ukurasa wenye mahali peke yake. Nimelisoma daftari hilo kuliko vitabu vyangu vyote vya semina, na ninalia kila nikilisoma, sioni sababu ya kuficha.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, sijui nimalizeje, Farida akanipigia simu. Lami imefika Mbamba Bay, siku hizi dagaa wanakuja kwa magari madogo yenye bodi ya chini, na wanawake wameomba upande mmoja wa jukwaa ushushwe kidogo. Ofisi imepewa kazi. "Mama, najua umepumzika, lakini njoo tu uangalie kama napatia."

"Umeshakwenda mara ngapi?"

"Mara mbili, Mama. Asubuhi na mchana."

Nikaitazama saa ya ukutani. Ikawa na faida kwa mara ya kwanza. Nikachukua begi moja la kitambaa, nikafika Bombambili saa tisa alasiri.

Farida alikuwa anatembea juu ya jukwaa na kishikwambi, kutoka mwisho mmoja kwenda mwingine. Alisimama kwa kila mmoja, akaamkia, akauliza habari za nyumbani, kisha akauliza, "Na hapa ni pa nani?" Akatajiwa, akagusa kioo, kidoti kikatokea, akaandika jina. Sikuwahi kumfundisha hivyo kwa maneno. Nilisimama pembeni, nikamwangalia.

Akafika kwenye nguzo. Mama Osmunda yupo bado, mzee sasa, hachambui sana, anasikiliza redio na kuwasahihisha wenzake. Kati yake na nguzo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, tupu, imefagiwa. Nilidhani mwenyewe ametoka mara moja.

"Na hapa, bibi?" Farida akauliza. "Naona hapana kitu. Niandike wazi?"

"Andika Mama Ramani," akasema Mama Osmunda, bila kuinua macho.

Farida akanigeukia, kisha akamgeukia yeye. "Lakini bibi, yeye hauzi dagaa. Halafu amestaafu, anarudi kwao Same."

"Kwani umeuliza anauza nini?" Akapunguza sauti ya redio. "Umeuliza pa nani. Na kurudi, nani amesema anarudi? Tangu siku aliyostaafu tunapafagia."

Wanawake waliacha kuchambua. Farida aliningoja, kidole kikiwa juu ya kioo, maana anajua mimi ni mtu wa kusahihisha. Sikuwa na la kusahihisha. Nilimwashiria kwa kichwa aandike.

Akaweka kidoti, akaandika jina. Nikalikunja begi langu la semina, nikaliweka chini, nikakaa. Saruji ilikuwa bado ina joto.